Kupiga na Goyo: Kitenzi Kilichotoka Pwani na Kile Kilichokuwa Kano

Ukishuka Awasi, pale barabara ya Kisumu kwenda Kericho inapoachana na ile ya kupanda Chemelil hadi Nandi Hills, utasikia kitenzi kimoja kikifanya kazi ya vitenzi kumi kabla hujavuka barabara. Makanga wanapiga debe. Madereva wanapiga honi. Fundi anapiga pasi suruali kwa pasi ya makaa, na kila baada ya muda anaipepea nje ya mlango ili majivu yasimwangukie mteja kwenye nguo. Mabango ya uchaguzi yaliyopauka ukutani bado yanaomba yapigiwe kura. Kijana wa bodaboda anamwambia abiria wake, "Ukifika nipigie," na mama muuza ndizi anamwambia mwenzake kwa Dholuo, "Gona simo," ambayo ni nipigie ileile, kwa mpangilio uleule: kitenzi cha kuchapa, kikageuzwa kikawa cha kumfanyia mtu jambo.

Mtoto wa shule ya hapo akihamia kwenye Kiingereza lazima ajifunze kwamba simu ina kitenzi chake, picha chake, kura chake, gitaa chake na mswaki chake. Kwa Kiswahili vyote hivyo vinapigwa. Kwa Dholuo karibu vyote vinafanyiwa *goyo*, na *goyo* ni kupiga. Si kwamba Waingereza hawana vitenzi vya namna hii. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipokipitia upya kitenzi chao cha kukimbia, *run*, walihesabu maana zaidi ya 600. Lakini cha kwao kimefuatiliwa karne hadi karne, kila maana ikaandikiwa mwaka wake. Cha kwetu kimeorodheshwa tu. Nami naamini kwamba kupiga na goyo, vikisomwa pamoja, vinatupa historia ya eneo hili iliyotungwa na watu ambao hakuna aliyewauliza waandike historia: wapagazi, askari, mafundi, wanamuziki na wanawake wa sokoni.

Tuanzie pwani, kwa kuwa huko ndiko karatasi zilikoanza. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana Unguja, alitoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870. Baadaye akaja Madan na kamusi ya mwaka 1903, kisha Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki na ile ya mwaka 1939. Kila mmoja wao alipofika kwenye *piga* ilimbidi atulie, kwa maana hakuna fasili moja iliyotosha. Kilichobaki ni kupanga orodha. Watu wa pwani walikuwa wakipiga ngoma na zumari, wakipiga hodi, wakipiga magoti, wakipiga mbizi na makasia, wakipiga kilemba, wakipiga chafya na miayo. Wajuzi walipiga ramli na falaki.

Wengine wameona mkono wa Kiarabu hapo. Ni kweli kwamba kitenzi cha Kiarabu *dharaba* kina tabia hiyohiyo: kwa hicho mtu hupiga mfano, hupiga sarafu ikawa fedha halali, na hata huzidisha namba. Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili zilipokea "kupiga mfano" bila taabu, na neno dharuba, tunaloliita tufani au pigo, limetoka kwenye mzizi huo. Kiajemi nacho kina *zadan*, ambacho hupiga simu, hupiga mswaki, na hata kuongea ni kupiga maneno. Bahari ya Hindi ilikuwa imejaa watu waliozoea kupiga vitu visivyopigika, na pwani yetu iliishi nao kwa karne nyingi.

Hata hivyo sikubali kwamba jambo hili lilishuka kutoka kwenye jahazi. Ingia bara usikilize. Waganda husema *kuba essimu*, na hukuba engoma, hukuba picha, hukuba kura. Wakikuyu husema *hũra thimũ*. Kinshasa, kwa Kilingala, simu ni *kobeta nsinga*, kupiga uzi, na mpira wa miguu nao unapigwa kwa kitenzi hichohicho. Wengi wa watu hawa hawakusikia Kiarabu ila kwa mbali sana. Na Dholuo si lugha ya Kibantu kabisa; ni ya jamii ya Kiniloti, ina asili nyingine na sarufi nyingine. Tabia hii ilikuwako pande zote mbili kabla watu hawa hawajakutana.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni jambo ambalo Kiswahili hakina: *goyo dala*.

Kijana wa Kijaluo huanza maisha ya utu uzima katika *simba*, nyumba yake ndogo karibu na lango la boma la baba yake. Anaoa hapo, anapata watoto hapo. Lakini hawi mwenye boma mpaka siku atakapotoka kwenda kupiga dala yake mwenyewe. Siku hiyo huanza alfajiri. Msafara ni mdogo: yeye, baba yake au, kama baba hayupo, mzee wa ukoo anayesimama mahali pake, mke wa kwanza, na mwana wa kiume. Wanabeba jogoo, shoka na moto. Mzee ndiye anayeanza kazi ya nguzo ya kwanza, kisha ndugu na majirani wanaendelea, na nyumba ya mke mkubwa, *mikayi*, inasimamishwa ikitazamana na lango. Nyumba hiyo sharti iweze kulalika usiku uleule. Mwenye boma analala humo na jogoo anawika humo, na kuanzia asubuhi ya pili mtu huyo anahesabiwa tofauti katika ukoo: ana lango, na wanawe nao watakuja kujenga simba zao kando ya lango hilo.

Kitendo hicho chote, pamoja na sheria zake za nani atangulie na nani afuate, kinaitwa kupiga boma. Kinachopigwa ni ardhi yenyewe. Misafara ya pwani ilipopita huku ilikuwa na msemo unaokaribiana na huo, kupiga kambi, na kila ninapoiweka misemo hii miwili pamoja naona tofauti ya maisha yaliyoizaa. Kambi ilipigwa jioni ikang'olewa alfajiri, na ndizi zikishanunuliwa msafara ulikwenda zake. Dala ilipigwa mara moja katika maisha ya mtu. Tambarare ya Kano, kuanzia ziwani hadi chini ya ukingo wa milima ya Nandi, imejaa mafungu ya miti na euforbia yanayoonyesha mahali ambapo watu walipiga, na vizazi vinavyoishi Awasi na Onjiko leo vinajua ni babu yupi alipiga wapi.

Goyo ya zamani ilikuwa na mengine. *Goyo mbaka* ni kupiga soga. *Goyo koko* ni kupiga kelele. *Goyo chong* ni kupiga magoti. *Goyo erokamano* ni kutoa shukrani, na hapa Kiswahili kinakaa pembeni, kwa sababu sisi hatupigi asante. *Goyo thum* ni kupiga muziki, hasa nyatiti, zeze kubwa la nyuzi nane. Mpigaji hukaa karibu na ardhi, vidole vikicheza kwenye nyuzi, njuga zikiwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma iitwayo *oduong'o*. Pete hiyo ndiyo inayogonga fremu ya chombo na kushika mwendo. Mtu mmoja, vyombo vitatu. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, alilichukua zeze hilo hadi Ulaya, na albamu yake ya mwaka 1993, *En Mana Kuoyo*, imewafikia watu wasioweza kuionyesha Nyanza kwenye ramani.

Kiswahili kilipofika kando ya ziwa kilifika kimevaa nguo. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilipitia Mumias, ambako C. W. Hobley alisimamia kituo cha serikali ya Kiingereza kuanzia mwaka 1895. Wajaluo waliwaita watu hao *JoNanga*, watu wa nguo. Kutokana na hapo ukazaliwa msemo *goyo nanga*, kupiga nguo, yaani kuvaa mtu akapendeza: kanzu, kisha shati, kisha suti ya wale waliotoka kufanya kazi Mombasa na Nairobi. Wazee wa kimila hawakuufurahia. Waliona vijana wanaacha ngozi na shanga, wanarudi nyumbani na harufu ya sabuni. Siku hizi vijana wa Nairobi wanasema "kupiga luku" wakimaanisha jambo lilelile, na wanadhani wamelibuni wao. Bibi zao waliozaliwa Kano walikuwa na la kwao muda mrefu kabla.

Pamoja na nguo zilikuja bunduki. Pwani ilikuwa imeshazoea kupiga bunduki na mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Kiingereza ziliipiga mizinga jumba la Sultani Unguja, na vita hivyo vilikwisha kabla saa haijatimia. Mizinga hiyo ilikuwa na maisha marefu kuliko ilivyotarajiwa. Mtaani sasa, kumpiga mtu mzinga ni kumwomba pesa.

Kisha reli. Meli ya *William Mackinnon* ilikuja kwa vipande na ikaunganishwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika ziwani mwaka uliofuata, na tarehe 20 Desemba 1901 Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, alipiga nyundo kwenye kabari ya mwisho. Mji ukaitwa Port Florence. Wakati huo upande huu wote ulikuwa bado sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 ulihamishiwa eneo lililokuja kuitwa Kenya. Jina la Florence halikudumu midomoni mwa watu, wakarudi kwenye Kisumu.

Sambamba na reli zilisimama nguzo za simu ya maandishi. Kebo ya baharini ilikuwa imefika Unguja tangu mwaka 1879, na pwani ilishaipa jina: simu, neno lililotoka kwa Waajemi, maana yake uzi wa chuma. Mtu alikaa mezani akigongagonga kitufe kwa kidole, na habari ikatembea uzini. Hakuna aliyehitaji kufikiri sana kitenzi chake kiwe kipi. Mkono ulionekana ukipiga. Ndiyo maana naona Wakongo na Waswahili, bila kuulizana, walifika mahali pamoja: huku simu, kule nsinga, kote ni uzi, na kote unapigwa. Simu ya kuzungumza ilipokuja, kisha ya kuzungusha namba, kisha ya mfukoni, kitenzi kilikuwa kimekaa tayari, ingawa kidole hakikuwa tena na cha kugonga.

Chapa ilikwenda njia hiyohiyo. Steere mwenyewe alikuwa na mtambo mdogo Unguja, na vijana waliokombolewa utumwani walijifunza kupanga herufi na kukandamiza karatasi. Wakapiga chapa, kwa neno la Kihindi na kitenzi cha pwani. Kusini mwa ghuba ya Winam, Waadventista walifika Gendia mwaka 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen. Carscallen alitoa sarufi ya Dholuo mwaka 1910, na Gendia ikawa na kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vya dini na nyimbo vilizunguka Nyanza nzima. Agano Jipya la Dholuo lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1953. Watu waliosoma herufi hizo kwa mara ya kwanza waliona alama zilizobonyea kwenye karatasi, waliweza kuzipapasa.

Kuhusu picha nina maoni yangu. Kamera za zamani zilikuwa na miguu mitatu, kitambaa cheusi, mlio, na wakati mwingine mwako wa unga. Mpigaji alilenga. Aliyelengwa aliambiwa asitikisike. Watu waliokwisha kuona bunduki walikipa chombo hicho kitenzi cha bunduki, na wazee wengi waliokataa kupigwa picha walikuwa na sababu zao za kuogopa kitu kinacholenga. Kano ina kumbukumbu yake ya hofu ya namna hiyo: Luanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na hakuna mkuki uliomdhuru, aliuawa siku adui alipojua kwamba kivuli chake ndicho chenye uhai, akakichoma.

Kura ina safari ndefu zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa asili, kura ni vijiti au vijiwe vya kuamulia jambo ambalo binadamu hawezi kuliamua, kama walivyofanya mabaharia waliokuwa na Yona. Dholuo ina *goyo ombulu* kwa kazi hiyo. Serikali ya kikoloni ilipoleta uchaguzi, lugha zote mbili zilichukua neno la bahati nasibu takatifu zikalipa sanduku. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, lakini si wote: mpigakura alipimwa kwa elimu, kipato, mali na utumishi, na mmoja aliweza kuwa na kura hadi 3 huku jirani yake hana hata moja. Katika Nyanza ya Kati Oginga Odinga alimshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa waziri. Mwaka 1988 mambo yaligeuka. Chama tawala, KANU, kilifuta karatasi katika uteuzi wake na kuwapanga watu mlolongo nyuma ya wawakilishi wa wagombea, mchana, machifu wakitazama. Na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa ameshinda moja kwa moja. Watu waliendelea kusema wamekwenda kupiga kura. Hawakupiga chochote. Walisimama wakahesabiwa, na mara nyingi mstari mfupi ulitangazwa mrefu.

Siwezi kuruka mwaka 1969. Tarehe 5 Julai waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi, akitoka kwenye duka la dawa. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ambayo watu mpaka leo wanaiita Russia, kwa kuwa Warusi ndio waliosaidia kuijenga. Palikuwa na majibizano makali na Odinga jukwaani, umati ukapiga kelele, na walinzi wakaupiga risasi. Watu waliuawa, wakiwemo watoto. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. Katika wiki hizo kitenzi kilirudi kwenye maana yake ya kwanza na kikakaa hapo. Familia za Kisumu na za Kano zilizozika watu wao hazijapata maelezo ya kutosha hadi leo, na ni haki yao kuyapata.

Muziki ndio uliokirudisha kitenzi hiki katika furaha. Askari waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Pili walirudi na magitaa, na vijana wa kando ya ziwa wakahamishia kwenye nyuzi sita namna ya kupiga waliyoizoea kwenye nyatiti: nyuzi za juu zikikimbia, besi ikijibu. Hiyo ni benga. George Ramogi, Ochieng' Nelly, na zaidi ya wote Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa upande wa Tanzania karibu na Shirati, waliifanya isikike hadi Zimbabwe. Misiani alitiwa ndani zaidi ya mara moja kwa maneno yaliyofichwa katika mafumbo ya nyimbo zake. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Mtu akisikiliza gitaa la pili la bendi yake, Shirati Jazz, kwa makini atalisikia lile pigo la pete ya kidole cha mguu, ingawa hakuna mguu unaogonga kitu.

Simu za mkononi zilienea miaka ya 2000, na kitenzi kikapanda tena. Sasa watu wanapiga selfi, wanapiga video, wanapiga kazi, wanapiga hesabu ya bando. Lakini kuna mahali pamoja kilipokataliwa. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, watumiaji wangeweza kusema wanapiga pesa, kwa kuwa zinatoka kwenye simu ileile. Hawakusema hivyo. Pesa hutumwa, na kwa Dholuo vilevile hutumwa, *oro*, kama unavyomtuma mtoto dukani. Kupiga pesa kulikuwa na maana nyingine tayari. Tanzania wanaofisidi mali ya umma huitwa wapigaji, na Kenya mtu akiambiwa amepiga pesa za kaunti, wasikilizaji wanajua fedha hizo hazikwenda kwenye barabara wala zahanati. Waliotumia lugha waliona hatari hiyo wakaikwepa bila kikao.

Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyeanzisha shirika lake la uchapishaji Kisumu, alitoa kamusi ya Dholuo mwaka 2005, na ni msingi mzuri wa kuanzia. Kinachohitajika sasa ni mtu wa kukaa na goyo peke yake, jinsi wahariri wa Oxford walivyokaa na kitenzi chao, na kuiandikia kila maana umri wake na mahali ilikosikika kwanza. Aanze na goyo dala. Viwanja vya Kisumu vinauzwa vipande vidogo, nyumba zinajengwa na makandarasi, na wazee wa Kano wanaojua nani hubeba moto na nani hubeba shoka wanaweza bado kuulizwa.